Tupeane uzoefu: siku ya ajali ulikuwa umekaa wapi, na ilikuwa saa ngapi?

Mwanzisha mada: Leo nimepita penye pikipiki imelala kando ya barabara, viatu vimetawanyika, nikakumbuka yangu. Nilikuwa natembea kwa miguu, saa moja jioni, nguo nyeusi. Dereva alisema hakuniona, na namwamini. Nyie je?

Nesi wa Zamu: Miaka 11 napokea majeruhi. Vijana wa kiume, wikiendi usiku, na wengi hawakuwa hata ndani ya gari. WHO wanasema duniani hufa watu kama milioni 1.19 kwa mwaka, zaidi ya nusu ni waenda kwa miguu, wa baiskeli na wa pikipiki.

Boda Mzoefu: Haya, lawama zimeanza.

Nesi wa Zamu: Nani kakulaumu, ndugu yangu? Nimesema mnakufa.

Mama Pacha: Sisi tulitoka msibani saa kumi alfajiri. Kaka anaendesha, kakesha siku mbili. Mimi na mdogo wetu nyuma, bila mkanda, maana nyuma nani anafunga? Nikasikia tairi zinakwaruza kokoto za pembeni. Kaka akashtuka, akakata usukani, tukavaa mti. Hapakuwa na gari jingine barabara nzima. Mdogo wetu aliruka kutoka nyuma akamgonga kaka mgongoni. Kaka alikuwa amefunga mkanda. Mbavu zake hazikuvunjwa na usukani, zilivunjwa na mdogo wetu. Kiatu chake kimoja nilikiokota juu ya dashibodi. Hospitali hakufika.

Kimya Kingi: Pole sana dada. Nimesoma mara mbili.

Dereva wa Masafa: Usingizi ndio muuaji. Piga kahawa, fungua dirisha, weka muziki.

Baba Zu: Dirisha halijawahi kumwamsha mtu! Paki pahali salama, lala dakika 20.

Dereva wa Masafa: Na tajiri anayepiga simu kila saa "umefika wapi", utamjibu wewe?

Boda Mzoefu: Nesi, nisamehe. Rafiki yangu alivaa helmeti, kamba ya kidevuni hakufunga. Ilichomoka kabla kichwa hakijafika kwenye lami.

Kimya Kingi: Mama Pacha, kaka anaendeleaje?

Mama Pacha: Anaendesha tena. Hawashi gari mpaka ageuke, ashike mkanda wa kila aliyekaa nyuma, auvute kwa mkono wake.