Neno moja la Kifaransa limenirudishia ukurasa mzima: "imperméable" kwa Kiingereza tusemeje?

Mtafsiri wa Himbi (Goma)

Ndugu zangu, salamu. Ninatafsiri ripoti kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza kwa ajili ya ofisi moja hapa mjini, na juma lililopita ukurasa wangu wa tatu ulirudishwa ukiwa na miviringo mitano ya wino mwekundu, yote ikizunguka neno lilelile, "impermeable". Mwandishi wa Kifaransa alikuwa amelitumia kwa tabaka la udongo wa mfinyanzi, kwa sakafu ya saruji, kwa turubai, kwa koti la mvua, na mwishoni kwa mkuu wa kazi asiyesikia shauri la mtu. Mimi niliona kwamba neno hilo limo katika Kiingereza kwa herufi karibu zilezile, nikalihamisha kama lilivyo. Mhariri hakutoa sababu. Kamusi yangu inanipa "impervious", "impenetrable", "invulnerable", "impregnable" na "immune", kisha inayaeleza yote kuwa ni kutopenyeka au kutodhurika. Naomba mnifafanulie yanavyotofautiana.

Mwalimu wa Ibanda (Bukavu)

Ndugu mtafsiri, usianze na kitu kinachozuia, bali anza na kile kinachozuiwa. Kiswahili chetu hufanya hivyo kila siku bila sisi kutambua: paa halivuji, msitu haupitiki, ngome haitekeki, mtu hashauriki. Hakuna anayesema kwamba ngome haivuji, ila kwa mzaha.

Udongo wako wa mfinyanzi uache ulivyo, kwa sababu "impermeable" ni neno la mwamba, udongo au utando ambao maji na gesi havipiti ndani yake. Kuhusu sakafu ya saruji, wahandisi wa maji wanaoandika Kiingereza wamezoea kusema "impervious surface", wakimaanisha saruji, lami na mapaa, yaani kila mahali ambapo mvua hutiririka badala ya kuzama ardhini. Turubai na koti ni "waterproof". Pipa au mashua ambayo viungo vyake havipitishi maji ni "watertight", na neno hilohilo husifu hoja isiyo na ufa.

Mkuu wako wa kazi ndiye aliyekuponza zaidi. Kifaransa humwita "imperméable aux conseils" bila shida yoyote, lakini Kiingereza kwa kawaida husema "impervious to advice". Asili ya neno hilo ni Kilatini, na maana yake ni kitu kisicho na njia ya kupitia, nami sijaona maelezo mazuri zaidi ya mtu wa namna hiyo. Usiisahau ile "to".

Fundi wa Majengo (Goma)

Naongeza jambo moja tu kuhusu "waterproof", kwa sababu nimeezeka kwa turubai mara nyingi. Turubai lenyewe lilikuwa zima, halikupitisha hata tone, lakini kila palipopigwa msumari palivuja, na mama mwenye nyumba akaniuliza ni nani aliyemwambia kwamba maji hayatapita. Kwa hiyo, kabla ya kuandika neno hilo, hakikisha kama ripoti inasifu kitambaa au paa lililokwisha kazi. Kinachostahimili maji kwa kiasi fulani tu, kama saa nyingi za mkononi, huandikwa "water-resistant". Ukitaka mfano wa kinyume, tazama mawe ya lava ya volkeno ya Nyiragongo ya 2002 tunayoyakanyaga hapa Goma: mvua inanyesha, na maji yanapotelea katika nyufa.

Msomaji wa Katuba (Lubumbashi)

Mmeshughulikia maji, mimi niende vitani. "Impregnable" ni la ngome isiyotekeka. Sisi tuliosoma Kifaransa tunalifahamu tayari, maana ni "imprenable" ileile, ila Waingereza waliiongezea herufi ya g njiani, na wengi wakadhani lina uhusiano na mimba. Halina.

"Invulnerable" limetoka katika neno la Kilatini la jeraha, basi ni la kiumbe asiyejeruhika. Wapiganaji wa Simba, waasi wa hapa Kongo wa mwaka 1964, waliokuwa wakipaza sauti "Mai Mulele" (yaani maji ya Mulele, kiongozi wa waasi) wakiamini kwamba risasi zingegeuka maji, waliahidiwa hali hiyo. Ukiandika kwamba walijiona "bulletproof" utaeleweka, lakini neno hilo ni la fulana au kioo cha gari kwanza.

"Immune" lina mtego wake. Huko Roma lilimhusu mtu aliyeachiliwa wajibu na mizigo ya umma, na ndiyo sababu mpaka leo asiyeweza kushtakiwa mahakamani ni "immune from", ilhali mwenye kinga dhidi ya surua ni "immune to". Kihusishi hicho kidogo ndicho kinachotenganisha mbunge na mtoto aliyechanjwa.

Mtafsiri wa Himbi (Goma)

Nawashukuru sana, wakubwa zangu. Nimerekebisha sehemu nne na kuacha udongo wa mfinyanzi peke yake. Kuhusu "impenetrable", nimekumbuka hifadhi ya Bwindi kule Uganda, karibu na mpaka wetu, ambayo jina lake rasmi la Kiingereza lina neno hilo. Basi nimelielewa kuwa ni la msitu mnene, la giza, na pia la maandishi yasiyoeleweka, mahali ambapo mwili, jicho au akili hushindwa kuingia. Sentensi moja imebaki. Ripoti inasema kwamba barabara haipitiki wakati wa mvua, nami nimeandika "impassible".

Mwalimu wa Ibanda (Bukavu)

Weka a mahali pa i ya pili: "impassable". Ulivyoandika wewe, sawa na "impassible" ya Kifaransa, ni mtu ambaye uso wake hauonyeshi furaha wala huzuni. Barabara yetu haipitiki, lakini hatujawahi kuilaumu kwa kutolia msibani.