Naomba kueleweshwa namba za vitabu maktabani: vitabu vya nyuki vimetawanyika, havifuatani

MfugaNyuki
Wakuu, salaam. Naandika tasnifu kuhusu ufugaji wa nyuki na muda mwingi unaniishia kwenye kuzunguka rafu. Katalogi inaniambia kitabu kipo, hakijaazimwa, namba yake ni 638.16 na chini yake kuna herufi tatu. Nimekitafuta mwisho kabisa wa 638, kule zinakoishia namba kama .3 na .5, maana 16 ni kubwa kuliko hizo. Hakipo. Halafu katalogi hiyohiyo inavipeleka vitabu vingine vya nyuki kwenye 595.799, upande mwingine kabisa wa jengo. Na kuna maktaba ya pili ninayoruhusiwa kusoma, huko namba zinaanza na herufi: SF523 .C65 2004.

Sihitaji tu kuelekezwa kitabu kimoja kilipo. Nataka kuelewa hizi namba zinasomwaje ili nijitegemee.

Mkutubi_wa_Zamu
Karibu ndugu. Shida yako ya kwanza iko kwenye nukta. Tarakimu tatu zilizo kabla ya nukta zinasomwa kama namba nzima, kwa hiyo 595 inatangulia 638. Ukishavuka nukta, acha kusoma "kumi na sita". Soma tarakimu mojamoja: moja, sita. Linganisha ya kwanza kwa ya kwanza. Zikilingana ndipo uende ya pili. Rafuni utakuta hivi:

638.1
638.13
638.16
638.2

Kitabu chako kiko kabla ya 638.2, ambako vinaanza vitabu vya ufugaji wa viwavi wa hariri. Ukipata taabu, jazia sifuri kichwani: .100, .130, .160, .200. Hapo mpangilio unaonekana wenyewe.

Herufi tatu za chini kwa kawaida ni mwanzo wa jina la ukoo la mwandishi. Vitabu vyenye namba moja vinapangwa kwa herufi hizo.

Sasa kwa nini nyuki wako wako mahali pawili. Huo ni mfumo wa Dewey, uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 1876 na Melvil Dewey, mkutubi wa Marekani. Unagawa maarifa yote katika makundi kumi, kila kundi katika kumi, na kuendelea. Hauulizi tu kitabu kinahusu kitu gani, unauliza kinakitazama kitu hicho kwa jicho la fani ipi. 600 ni teknolojia, 630 kilimo na ufugaji, 638 ufugaji wa wadudu, 638.1 nyuki. Upande wa pili, 500 ni sayansi asilia, 590 wanyama, 595.7 wadudu, 595.799 nyuki. Anayetaka kujua mzinga unakaguliwaje anakwenda 638. Anayetaka kujua mwili wa nyuki ulivyo anakwenda 595. Kwa tasnifu yako nadhani utazihitaji zote mbili, kwa hiyo usiuone mtawanyiko huo kama fujo.

Rafu_ya_Juu
Naongezea kuhusu ile ya herufi, maana wengi wanaotoka kwenye Dewey wanakwama hapo. Huo ni mfumo wa Maktaba ya Kongresi ya Marekani, ulioanza kutungwa mwishoni mwa karne ya 19 kwa ajili ya maktaba hiyo yenyewe. Vyuo vikuu vingi duniani vinautumia.

Chukua namba yako, SF523 .C65 2004, uikate vipande.

SF: S ni kilimo, SF ni mifugo, na nyuki wamewekwa humo. Panga kwa alfabeti: S peke yake kwanza, kisha SB, kisha SF.

523: hapa kanuni inageuka. Hii inasomwa kama namba nzima, mia tano ishirini na tatu. Kwa hiyo SF98 inatangulia SF523. Mtu aliyezoea kusoma tarakimu mojamoja ataitafuta SF98 baada ya SF523 na hataiona.

.C65: hapa tena tunarudi kwenye desimali. Herufi kwanza, halafu tarakimu mojamoja. .C65 inatangulia .C7, ingawa 65 ni kubwa kuliko 7. Kipande hiki mara nyingi kinatokana na jina la mwandishi, na asili yake ni jedwali la kugeuza majina kuwa herufi na tarakimu, la mkutubi wa Marekani Charles Ammi Cutter.

2004 ni mwaka wa toleo. La zamani linatangulia jipya.

Namba nzima, kisha desimali, ndani ya lebo moja. Ukilishika hilo umemaliza sehemu ngumu.

Na huku pia nyuki wamegawanyika: vitabu vya elimu ya wanyama viko QL, na nyuki utawakuta QL568. Kama maktaba hiyo ina sehemu ya tiba, usishangae kukuta namba zinazoanza na W. Mfumo wa Kongresi hautumii I, O, W, X wala Y kama herufi za mwanzo, na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani ikaichukua W kwa ajili ya vitabu vyake.

BintiKatalogi
Hayo yote sawa, ila mtu akishaijua namba bado anaweza kupotea mbele ya kabati. Rafu zinasomwa kabati kwa kabati. Anza rafu ya juu kushoto, ifuate mpaka mwisho wake, shuka rafu ya chini yake, mpaka kabati hilo liishe, ndipo uhamie la pili. Wengi wanafuata rafu moja kwa mstari kutoka kabati hadi kabati na wanaruka vitabu chungu nzima.

Nakili namba yote, pamoja na chochote kilichoandikwa juu yake. Kukiwa na R au neno Rejea, kitabu kiko chumba cha marejeo na hakiazimwi. Vitabu vikubwa kwa umbo navyo mara nyingi vina rafu yao peke yao.

MfugaNyuki
Nawashukuru sana. 638.16 nimeipata, ilikuwa pale pale mlipoelekeza. Swali moja limebaki. Kitabu kilekile, toleo lilelile, maktaba moja imekipa 638.1 na nyingine 638.13. Nani kakosea?

Mkutubi_wa_Zamu
Hakuna aliyekosea. 638.13 ni malisho ya nyuki, yaani mimea wanayoitegemea. Maktaba yenye vitabu vichache vya nyuki haihitaji kuchimba hadi huko, inaishia 638.1. Yenye vingi lazima ichimbe, la sivyo rafu nzima itakuwa na namba moja. Ndiyo maana usihamishe namba ya maktaba moja kwenda nyingine. Chukua jina la kitabu, litafute upya kwenye katalogi ya mahali ulipo.

Mlezi_wa_Lugha
Naomba niseme jambo pembeni kidogo, kwa sababu linaniuma. Mfumo huu wa Dewey uliona dunia kutoka mahali ulipotungwa. Kiingereza kina 420 nzima kwa lugha na 820 nzima kwa fasihi. Lugha nyingi za Afrika zimebanwa pamoja ndani ya 496, na fasihi zake 896. Kiswahili ni 496.392, ushairi wake unafika 896.3921. Dini ni vilevile: Biblia na Ukristo zimechukua kuanzia 220 hadi 280, Uislamu uko 297. Ndugu, ukijua hivyo utajua kwa nini baadhi ya namba ni ndefu sana mgongoni mwa kitabu. Urefu wa namba hausemi chochote kuhusu uzito wa somo.

BintiKatalogi
Ni kweli kabisa, na wakutubi wengi wanalisema. Mfumo umekuwa ukifanyiwa marekebisho toleo kwa toleo, ila kubadili namba za vitabu ambavyo tayari viko rafuni ni kazi kubwa, hivyo ya zamani yanadumu.

MfugaNyuki, la mwisho kwako: ukifungua rekodi ya kitabu kizuri kwenye katalogi, chini utaona vichwa vya mada. Bofya kile cha nyuki. Kitakuletea vya 595 na vya 638 kwenye orodha moja, hata vile vya uchumi na sheria ambavyo usingevifikiria. Andika namba zote, zipange kwa mfuatano kabla hujanyanyuka, ndipo uende rafuni. Na kama kitabu hakipo mahali pake, angalia rafu moja juu na moja chini, kisha toroli la vitabu vilivyorudishwa, kabla ya kumwita mkutubi.