Injini ya Cruiser imechoka: nifunge 1HZ, 1KZ, au nifufue iliyomo?

kitunguu_maji
Wakuu habari za jioni. Nina Land Cruiser pikapu ya zamani, injini imechoka. Inakula oili, inatoa moshi wa bluu, asubuhi haiwaki mpaka isukumwe. Fundi wangu hapa Mbauda ananishauri nifunge 1HZ, ile dizeli ya Toyota isiyo na turbo. Jirani anasema 1KZ, dizeli nyingine ya Toyota yenye turbo, ni nafuu na ina mbio. Shemeji yangu naye anasema nifanye ovaholi niachane na habari za kubadilisha. Nataka kuamua kabla mwezi haujaisha. Natanguliza shukrani.

fundi_UngaLtd
Mkuu, Cruiser za zamani ziko nyingi. Ni modeli gani? Injini iliyomo ni ipi? Umeme wake ni volti 12 au 24? Gari linafanya kazi gani? Una shilingi ngapi? Lete hayo ndipo tuongee.

Mangi_wa_Pasua
1HZ. Uzi ufungwe.

Kibosho_Juu
Na picha basi jamani.

kitunguu_maji
Samahanini. Ni HJ75 ya 1988, imo injini ya 2H. Nabeba vitunguu kutoka Mang'ola kuja soko la Kilombero hapa Arusha. Ule mlima wa kutoka Mang'ola kupanda Karatu ndio unaoniua, napanda kwa gia ya pili huku bodaboda wananipita. Volti sijui, ila ina betri mbili. Bajeti ni milioni nane pamoja na ufundi. Picha simu yangu imegoma.

fundi_UngaLtd
Betri mbili hazijibu swali. Zikiungwa chanya kwa chanya ni 12, zikiungwa kwa kufuatana ni 24. Chungulia stata, imeandikwa. Wapo watu wameleta injini yenye stata ya 12 kwenye gari la 24, siku ya kwanza tu moshi ukatokea chini ya boneti.

Sasa kuhusu 1HZ. Mwaka 1990 Toyota wenyewe walipoitoa 2H kwenye hilo bodi lako ndiyo waliyoiweka, HJ75 ikageuka HZJ75. Zote zina silinda sita, kwa hiyo huhitaji kukata chesisi. Ila usinunue injini peke yake. Dai ije na nyumba ya klachi, flaiwili na maunting zake, maana za 2H hazitakaa. Na uliza imetoka kwenye gari gani. 1HZ nyingi za mtumba zimetoka kwenye Coaster. Ni nzima, lakini sampu (bakuli la oili chini ya injini) ya Coaster ina umbo lake, ukiishusha kwenye Cruiser inagombana na difu ya mbele. Utatafuta sampu nyingine na bomba lake la kunyonyea oili.

mama_Rhotia
Kaka kitunguu, huo mlima naujua. Hata 1HZ haitakupandisha kama ndege ukiwa na magunia mpaka juu ya kabini. Punguza mzigo kwanza.

Baba_Neema_Moshi
Mimi nitasema kuhusu 1KZ ili mtu asiingie kichwa kichwa.

Nilikuwa na Land Cruiser 70 fupi yenye injini ya 3B. Haina mbio lakini haijui kufa. Nikashawishiwa nifunge 1KZ-TE, lita 3 na turbo, eti nitapaa. Nikanunua kwenye duka moja Dar, nikaisikiliza ikiwa chini sakafuni imewekewa betri na galoni la dizeli, inanguruma vizuri kabisa. Imefika Moshi, fundi anauliza control box (kompyuta ya injini) iko wapi. Napiga simu dukani, naambiwa nilinunua injini, sikununua umeme. Ile TE pampu yake inaongozwa kwa umeme, bila box ni chuma tu. Nikanunua box kando. Waya zikaungwaungwa kwa tepu, taa ya injini ikawaka na haikuzimika tena mpaka nauza gari.

Hayo ningeyavumilia. Shida ikaja njia ya Himo kwenda Marangu. Tambarare sindano ya joto imetulia katikati, ukianza kupanda inapanda na wewe. Fundi akasema ni kifuniko cha rejeta, nikabadilisha. Akasema ni pampu ya maji, nikabadilisha. Asubuhi moja nikashika mpira wa juu wa rejeta, gari limewaka muda huohuo, maji bado ya baridi, lakini mpira umekaza kama umejazwa upepo. Nikafungua kifuniko, mapovu yanapanda bila kukoma. Hedi (kifuniko cha juu cha silinda) imepasuka, upepo wa silinda unaingia kwenye maji. Hedi ya 1KZ ni alumini, ikichemka haikusamehi. Ya 1HZ ni chuma. Kwa pesa niliyomaliza pale ningefufua 3B na chenji ikabaki.

Turbo_Sakina
Pole mzee wangu, lakini usiisingizie injini. Ulifunga injini ya turbo ukabaki na rejeta ya 3B? Nina Toyota Surf ya 1KZ, nimefunga rejeta nene, napanda Ngorongoro hadi getini, joto halisogei.

Baba_Neema_Moshi
Rejeta ilikuwa mpya kijana.

Turbo_Sakina
Mpya na kubwa ni vitu viwili. Na thermostati, ile vali ya maji ya injini, ilikuwepo?

Baba_Neema_Moshi
Fundi aliitoa. Alisema huku kwetu joto, haina kazi.

Turbo_Sakina
Ndiyo hiyo sasa.

Mangi_wa_Pasua
Thermostati ni ya Wazungu wenye barafu. Mimi magari yangu yote nimeitoa.

fundi_UngaLtd
Mangi, hapo unapotosha watu. Kwenye injini nyingi za Toyota thermostati ina kisahani cha chini. Maji yakipata moto, ile inafunguka kupeleka maji kwenye rejeta na kile kisahani kinaziba njia ya mkato. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi na sehemu ya maji inarudi kwenye injini bila kupita rejeta. Kwa hiyo mlimani ndipo unachemsha. Nazirudisha kila wiki kwenye magari yanayoletwa kwangu yakisemwa yana hedi mbovu.

Mangi_wa_Pasua
Na mimi ninayetembea bila hiyo miaka yote, nimerogwa?

fundi_UngaLtd
Unatembea Pasua hadi Boma Ng'ombe, ni tambarare.

Solihull_Usa_River
Nacheka tu. Uza hilo dude, ongeza kidogo, chukua Land Rover 110 ya 300Tdi. Lita 2.5, pampu yake ya dizeli ni ya kimakanika, haina umeme wa kuzungumzia, na kila fundi wa Arusha anaijua.

mama_Rhotia
Kila fundi anaijua kwa sababu iko gereji kila siku.

Solihull_Usa_River
Dada yangu, walioanzisha safari hizi za watalii walizunguka Serengeti na nini?

mama_Rhotia
Na sasa wanazunguka na nini? Simama Makuyuni uhesabu.

kitunguu_maji
Jamani tusihame. Je, nikifunga 1HZ halafu nikaiongezea turbo kwa ajili ya mlima? Au 1HD-T kabisa?

fundi_UngaLtd
1HD-T ni tamu, ujazo uleule wa 1HZ, cc 4164, na turbo ya kiwandani. Ila usiiwashe kwa mzigo kabla ya kubadilisha beringi za konrodi, za mwanzo zina sifa mbaya. Kuipata nzima ni kazi, na kwa milioni nane pamoja na ufundi sahau. Turbo kwenye 1HZ inawezekana kama fundi wa pampu ana adabu. Akifungua dizeli kwa pupa, moto unapanda na hedi inapasuka, hata kama ni ya chuma.

Kibosho_Juu
Mbona hakuna anayetetea ovaholi? 2H haina belti ya taimingi, inatumia gia. 1HZ ina belti ya kubadilishwa kila kilomita 100,000, na ya mtumba hujui imetembea ngapi, kwa hiyo unaibadilisha siku hiyohiyo. Pima mgandamizo wa silinda zote sita kwanza. Huenda ni ringi na nozeli tu.

kitunguu_maji
Vipuri vya 2H navipata wapi sasa? Pistoni nimezunguka nimechoka.

Kibosho_Juu
Hapo sasa.

Mwanasheria_Kijenge
Na mkumbuke kadi ya gari ina namba ya injini. Ukibadilisha, dai risiti yenye namba ya injini mpya, upeleke TRA kadi irekebishwe. Siku unauza au umepata ajali ndipo utajua kazi yake.

kitunguu_maji
Ahsanteni. Nimechungulia stata, imeandikwa 24V. Nani ana 1HZ ya 24 iliyotoka kwenye Cruiser? Na bei?

Turbo_Sakina
Njoo inbox.

Mangi_wa_Pasua
Njoo inbox.

Baba_Neema_Moshi
Wekeni bei hapa hadharani, inbox ndiko nilikonunulia ile yangu.

Solihull_Usa_River
Mkuu, hiyo 2H ukiitoa usiipeleke kwenye chuma chakavu. Kuna mzee Tengeru anatafuta krenki yake.

kitunguu_maji
Mwambie asubiri, bado sijaamua. Kesho naenda kupima mgandamizo kwanza.