Bosi wa tathmini kaweka sambusa juu ya ripoti yangu, halafu anauliza ushahidi uko wapi

Wakuu,

Nimetoka kikaoni sasa hivi. Naandika nikiwa nimesimama kwenye daladala, mkono mmoja bombani, mwingine kwenye simu, kwa hiyo herufi zikiruka mnisamehe.

Yule bwana mnamjua. Sina haja ya kutaja jina wala ofisi. Kila aliyewahi kupeleka andiko la mradi wa afya au ustawi wa jamii kwenye lile jengo ambalo lifti yake imeandikwa "mafundi wako njiani" tangu enzi za klorokwini, anamjua. Miwani kwenye paji la uso, kalamu nne mfukoni, hata moja haiandiki.

Leo kaniwekea sambusa juu ya ripoti.

Narudia kwa waliokaa nyuma. Sambusa. Ya nyama, ya moto, inavuja. Kaiweka juu ya ripoti yangu, palepale kwenye jedwali la presha kabla na baada. Sahani zilikuwepo. Tishu zilikuwepo. Kulikuwa na meza nzima tupu upande wake wa kushoto, mngeweza kuchezea mechi ya mchangani.

Kisha akasema, mdomo umejaa: "Haya ni maushuhuda. Ushuhuda peleka kanisani. Hapa tunataka ushahidi."

Ukumbi mzima kicheko. Mpaka yule dada wa kugawa maji alicheka, na yeye nilimsalimia vizuri asubuhi.

Kazi yenyewe wala si roketi. Tuna wazee wa presha na kisukari. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anapita nyumbani na mashine, anapima, anahesabu vidonge vilivyobaki kwenye pakiti, anaandika kwenye daftari. Mzee akiruka dawa, mwanawe anapigiwa simu. Basi. Vipimo vimeshuka, na viko kwenye jedwali ambalo kwa sasa linapitisha mwanga, unaweza kusoma ukurasa wa nyuma bila kufunua.

Eti hakuna kundi la kulinganisha, yaani wazee wengine wasiotembelewa. Eti presha ingeweza kushuka yenyewe. Presha gani ya nchi hii inashuka yenyewe, Januari, na ada za shule zile?

Aliyenifuata ni kijana wa shirika moja la nje. Kafungua slaidi ya kwanza: mtoto anatabasamu. Ya pili: mshale unapanda, umeandikwa "mbinu bora". Wakuu, mshale hauna namba. Nimekodoa macho mpaka yakatoa machozi, hauna namba, hauna mwaka, hauna kijiji. Yule bwana akashusha miwani akaivaa (kumbe huwa anaivaa!), akatikisa kichwa: "Hii inaeleweka." Imepita.

Na sambusa ya pili kaila juu ya sahani.

Uzi tayari, semeni.

Mkongwe wa Vijiweni: Uzi bila picha ya hilo jedwali ni chai.

Mleta uzi: Picha ninayo, inakataa kupanda. Doa lina ukubwa wa Ziwa Rukwa.

Mama Chapati: Hiyo sambusa aliimalizia au aliiacha hapo? Maana kama aliimalizia, angalau sehemu moja ya ripoti yako imemnufaisha.

Dokta Mstaafu: Mleta uzi, pole kwa mafuta, ila hoja ya huyo bwana ina miguu. Wengi wanaoandaa miongozo ya tiba duniani, WHO wakiwemo, wanapanga ushahidi kwa mfumo uitwao GRADE, wenye ngazi nne, kutoka wa juu hadi wa chini sana. Ukija na jaribio la nasibu, yaani kura ndiyo inaamua nani apewe huduma na nani asubiri, unaanzia juu, kisha unashushwa kwa kasoro zako. Ukija na takwimu za kabla na baada unaanzia chini, na kupandishwa ni nadra. Sababu ipo. Ukiwachagua wazee siku ambayo vipimo vyao vimepaa, ukirudi baadaye vingi vitakuwa vimeshuka hata kama uliwapa peremende. Ndiyo maana kundi la pili linatakiwa. Nawe usiseme vijijini haiwezekani: mwaka 2010 TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii Tanzania, walipojaribu kugawa fedha za kaya maskini kupitia kamati za vijiji, Bagamoyo, Kibaha na Chamwino, vijiji 80 viliingia kwenye kura, 40 vikaanza, 40 vikasubiri.

Mleta uzi: Dokta, peremende ningepewa ningeshukuru. Mimi nimepewa sambusa. Hivi hao wa vijiji 80 na wao waliwekewa vitafunwa kwenye majedwali? Na yule wa mshale yeye yuko ngazi ya ngapi?

Dokta Mstaafu: Wa mshale hayumo kwenye ngazi yoyote. Hapo nakubaliana nawe.

Nesi wa Zamu: Ninyi wote hamjalala wodi ya njiti. Kumweka mtoto kifuani kwa mama, Kangaroo, kulianza Bogotá mwaka 1978 kwa sababu mashine za kutunza joto hazikutosha. Kwa miaka na miaka ushauri ukawa uleule: subiri mtoto atulie kwanza. Mpaka lilipotoka jaribio la nchi tano, Tanzania ikiwemo, mwaka 2021. Watoto wa chini ya kilo 1.8 waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa walikufa 12 katika kila 100, wenzao waliosubirishwa karibu 16. Jaribio likasimamishwa kabla ya wakati kwa sababu kuwanyima wengine haikuwa haki tena. Hesabuni wenyewe ni miaka mingapi tuliambiwa subiri. Na ripoti yetu wodini ilikaliwa na kikombe cha uji, mleta uzi usijione wa kwanza.

Jaluo wa Ziwani: Huku Kenya afadhali yenu, nyinyi mmekataliwa. Sisi mwaka 1990 tulitangaziwa Kemron kuwa ni tiba ya UKIMWI, Rais Moi mwenyewe akiwa mbele, dunia nzima ikatuangalia. Majaribio yaliyokuja baadaye katika nchi kadhaa yakakosa kuona faida yoyote. Hapo sambusa iliwekwa juu ya nchi.

Kijana wa Arusha: Na Samunge je? 2011 foleni ya magari ya kikombe cha Babu, yule mchungaji mstaafu wa Loliondo na dawa yake ya mitishamba, ilionekana mpaka kwenye taarifa za habari za Ulaya, shilingi 500 kwa kikombe, vigogo nao wamo na misafara yao. Pale nani aliulizwa kundi la kulinganisha? Watu walikunywa kwanza, watafiti wakafuata nyuma na chupa zao.

Bibi Harusi 2: Babu msimguse. Shangazi yangu alikunywa na mgongo ukapona mpaka leo.

Mkongwe wa Vijiweni: Huo ni ushuhuda, peleka kanisani.

Bibi Harusi 2: Shangazi yangu ni Mwislamu.

Mama Chapati: 😂😂 nimemwaga chai

Mleta uzi: Wakuu tusitoke kwenye mada. Alikuwa na sahani. Nataka hilo liingie kwenye kumbukumbu. SAHANI ILIKUWEPO.

Afisa Asiye na Ofisi: Mleta uzi una bahati, wewe ulisikilizwa. Mimi ni ustawi wa jamii, nilipeleka mpango wa vikundi vya wazazi wa watoto wa mitaani. Jopo likaniuliza, "Wizara ya Afya wanasemaje?" Afya wakaniambia watoto si wagonjwa, nenda elimu. Elimu wakasema hawako shuleni, rudi ustawi. Ustawi ni mimi.

Posho Kwanza: Hamjauliza la msingi. Kikao cha leo posho ilitoka?

Mleta uzi: Nauli tu. Na ile sambusa.

Posho Kwanza: Basi na wewe umelipwa kwa mfumo wa nasibu.

Mgonjwa Sugu: Ninyi mnalia ripoti. Mimi nimeenda dirishani na kadi ya bima, naambiwa ile dawa yangu ya miaka yote haimo tena kwenye kitita, ile orodha ya vinavyolipiwa na bima. Nauliza nani kaamua na kwa ushahidi gani. Dada ananijibu, "Mfumo." Mfumo una shahada ya udaktari?

Nesi wa Zamu: Mgonjwa usimlaumu dada wa dirishani. Sisi wenyewe tunaona mabadiliko kwenye kompyuta siku hiyohiyo, mgonjwa amesimama mbele yetu.

Mgonjwa Sugu: Silaumu, nalia. Nimelipa taslimu, na risiti nayo wameandika jina la mtu mwingine.

Kijana wa Arusha: Kadi yangu mimi inasoma kwamba nina watoto sita. Sijaoa.

Bibi Harusi 2: Kijana wa Arusha, tuwekane wazi, hao watoto ni wa nani?

Dokta Mstaafu: Wakuu, anayejua makato ya bima kwa wastaafu yanaombwa wapi kurudishwa aje inboksi. Nimezungushwa tangu nilipotoka kazini.

Posho Kwanza: Dokta, beba barua ya ajira, barua ya kustaafu, picha mbili za pasipoti, na ukifika ghorofa ya pili usiulize kwa mlinzi, yule anakuelekeza chooni.