Tupeane uzoefu: gari unapeleka kwa wakala wa kiwanda au kwa fundi wako wa mtaani? (Arusha na Moshi)

Mwalimu wa Usa
Wakuu habari za jioni. Nimenunua Hilux double kebini ya 2013, ile ya dizeli 2.5, ilikua ya shirika moja hapa mjini wakaiuza kwa tenda. Kilomita 148,000 na kitabu cha sevisi kina mihuri ya wakala kila kilomita 5,000 toka ikiwa mpya. Sasa sevisi imefika, nikapiga simu kwa wakala, wakanitajia laki 6 na ushee, nikatafuta kiti nikakaa. Fundi wangu wa Unga Limited aliyenilelea Corolla miaka 7 anasema njoo na laki 2 na nusu na chenji inabaki. Mama watoto anasema ile mihuri ndo ilifanya tukalipa bei ile, tukiikatisha gari inakua kama zingine tu. Naomba msinipe nadharia, aliyeumia upande wowote aseme ilikuaje.

Chalii wa Sakina
Mwalimu shikamoo. Mi niliumia mtaani. Nilikua na X-Trail NT31, giaboksi yake ni CVT, ile ya mkanda badala ya gia za kawaida, mi nilikua sijui hata CVT ni nini najua tu ni otomatiki. Fundi akaniambia haidroliki, yaani mafuta ya giaboksi, imechoka tumwage, akaweka ile nyekundu ya kawaida anayowekea Noah na kila kitu kinachopita pale, na kopo lake lilikua zuri tu la bei. CVT ya Nissan ile inataka mafuta yake yenyewe, NS-2. Wiki ya tatu natoka Moshi, nimepita Boma Ng'ombe, gari inavuma rpm zinapanda lakini haiendi, Hiace zinanipita watu wananipungia. Giaboksi ya mtumba ilinitoka milioni 1 na laki 8, ufundi mbali. Na fundi hakukimbia, alikua anapokea simu vizuri kabisa, anasema kaka hizi Nissan ndo zilivyo.

Mangi wa Pasua
Pole chalii, ila hapo hata wakala usingesema umepona, inategemea na gari. Mi nina IST, NCP60. Check engine ikawaka nikasema leo naenda kwa wataalamu, nikatoka Moshi mpaka Arusha kilomita 80 na kahawa nikapewa. Dada wa mapokezi anatafuta IST kwenye mashine yake haioni, kumbe zile hazijawahi kuuzwa mpya hapa na wao, tumezileta wenyewe kutoka Japan. Wakapima, wakasema ni sensa ya oksijeni, wakachukua namba ya chesisi, spea inaagizwa wiki 3, nikalipia kupima elfu 60 nikarudi na taa yangu inawaka vile vile. Fundi wa hapa Pasua akacheka akasema mashine hii si ni 2NZ kama ya Vitz, akaenda duka la spea akarudi nayo, masaa mawili nimemaliza. Sasa nililipa elfu 60 ya nini? Kahawa.

Mama Wawili Njiro
Mangi umenichekesha, ila ile elfu 60 ndo iliyokwambia ni sensa gani. Fundi wako angebadilisha plagi kwanza, halafu koili, halafu akuambie tusafishe throto, kila kimoja na hela yake.

Mimi kama mwanamke nasema wazi, miaka 3 ya kwanza niliyokua na RAV4 nilipigwa mpaka nikakoma. Ukifika gereji peke yako bei inapanda kabla hujashuka, "dada hapa boljointi zote zimekwisha, stabilaiza link zimekwisha, usiendeshe hivi utakufa", nikimtuma kaka yangu gari lile lile anaambiwa ni bushi mbili. Nikahamia kwa wakala kwa sababu risiti inaandika kila kitu na spea ya zamani wananirudishia kwenye mfuko nikitaka. Lakini na huko! Wakaniambia pedi na diski za mbele zote zibadilishwe, milioni 1 na kitu. Nikaomba niondoke na gari langu. Fundi mmoja mzee hapa Njiro akazifungua, akapima unene, akasema hizi diski bado, zimekua na mawimbi tu, tukapeleka lethi zikachongwa, nikanunua pedi mpya, yote haikufika laki 2. Mwaka wa pili huu nashuka nazo Kibosho kila mwezi kwa mama mkwe, na mnaujua ule mteremko.

Kwa hiyo siku hizi spea nanunua mwenyewe, fundi nampa hela ya mikono tu, na nasimama pale pale hata jua liwake.

Mwanangu wa Ngarenaro
Kusimama kunasaidia ukijua unachoangalia dada. Mi nilisimama masaa 4 nikabadilishiwa plagi orijino kwa feki za boksi jekundu mbele ya macho yangu 😂

Dereva wa Watalii
Mwalimu ngoja niseme la kwako maana wote wanaongea ya gari ndogo. Mi naendesha Land Cruiser za safari, mwaka wa 14 huu, mashine ya 1HZ, kampuni yetu haijawahi kupeleka gari kwa wakala na zinarudi Serengeti wiki mpaka wiki. Arusha hii ina mafundi wa Cruiser ambao huyo wakala mwenyewe angefurahi kuwa nao, anasikiliza injini akiwa bado anakunywa chai anakwambia hilo ni tapeti. Springi na shokapu ndo chakula chetu, ile barabara ya kushuka kutoka kreta ya Ngorongoro kwenda geti la Naabi inakula jani la springi kama karanga. Kwa hizo kazi mtaani ni mtaani.

Ila belti. 1HZ ina taimingi belti siyo cheni, ule mkanda unaofanya valvu ziende sawa na pistoni, na kuna taa kwenye dashibodi imeandikwa T-BELT, inawaka ikifika kilomita 100,000. Bosi wetu alinunua gari moja ya mkononi, taa haiwaki, muuzaji anasema belti mpya hiyo. Kumbe taa ile inazimwa na bisibisi nyuma ya spidomita, dakika 20, mtu alizima taa akaacha belti. Ilikatika tumeshapita Makuyuni, nina wageni wanne wa Ufaransa, ikalia mara moja tu kaa! halafu kimya. Valvu ziligonga pistoni. Tuliwahamisha wageni kwenye gari ya jamaa, sisi tukavutwa na kamba mpaka mjini.

Sasa Hilux yako ya 2.5 nayo ni ya belti mwalimu. Kilomita 148,000. Achana na hesabu ya oil kwanza, fungua hicho kitabu chenye mihuri utafute imeandikwa wapi kwamba belti ilibadilishwa.

Mangi wa Pasua
Dereva umemtia mwalimu presha usiku huu.

Mwalimu wa Usa
Sijalala vizuri kweli. Nimekipitia kitabu ukurasa kwa ukurasa na tochi ya simu, mihuri 29, yote oil, filta, oil, filta, breki wamekagua. Belti hakuna. Asubuhi nikawapigia wakala nikawapa namba ya chesisi, yule kijana mstaarabu akaangalia kwenye kompyuta yao, akasema mzee belti tuliwashauri mara mbili kwa maandishi, shirika wakajibu bajeti haijapita. Mihuri yote ile niliyolipia na belti ni ile ile ya kiwandani!

Nimekwenda pale pale kwa wakala nikanunua belti na tenshena yake ya kuikaza dirishani, orijino, na risiti nimeiweka kwenye kitabu. Fundi wangu anasema kazi hiyo ameshafanya nyingi. Dereva, kama una nafasi Jumamosi saa 2 asubuhi pita Unga Limited, chai juu yangu. Nimemwambia asifungue nati hata moja kabla sijafika, na gari nimeiacha nyumbani, nitaivuta.

Dereva wa Watalii
Nipo. Usiivute kwanza mwalimu, ni otomatiki au manyuo?

Mwalimu wa Usa
Manyuo.

Dereva wa Watalii
Basi ivute.