Mrejesho: kuchuja gama kwenye data za H.E.S.S.

Wakuu nimerudi. Niliuliza kwa nini data za H.E.S.S. (darubini za Namibia zinazopiga picha mmweko unaotokea miale ya gama ikigonga hewa) za Nebula ya Kaa (mabaki ya nyota iliyolipuka) bado zina uchafu mwingi, yaani chembe zisizo gama, hata baada ya kuchuja kwa umbo la picha. Aliyeniambia niache kubana kichujio yuko sahihi, maana gama inaacha picha nyembamba kama punje ya mchele na protoni inaacha pana iliyovurugika, protoni nyingi zinaondoka, miyuoni (chembe nyingine) nazo zinakufa ukidai darubini mbili zione kitu kimoja, ila elektroni za kutoka angani zinatoa manyunyu (mvua ya chembe ndani ya hewa) karibu sawa kabisa na ya gama, hapo umbo halisaidii na ukibana zaidi unatupa gama zenyewe.

Kwahiyo uchafu uliobaki unaukadiria tu. Darubini zilielekezwa pembeni kidogo ya Kaa, makusudi, basi nikachora viduara vya ukubwa uleule na umbali uleule toka katikati ya kamera, nikapata wastani wa uchafu, nikautoa kwenye duara la Kaa. Gammapy (programu ya kuchambua data za gama) inafanya yote hayo. Ziada ya gama imetokea wazi kabisa aisee!

Sasa chanzo kikiwa kipana hadi kinajaza kamera, hivyo viduara mnaviweka wapi?