Ushauri: Mashine ya kusaga huko Longido ndani, nichukue ya dizeli au sola?

Kijana wa Sakina
Habari zenu wakuu. Naishi Sakina hapa Arusha, ila mke wangu kwao ni Longido, kule ndani upande wa Ketumbeine, na kwa sasa yuko kwao na watoto. Kikundi chetu cha vijana kimepata mkopo wa halmashauri, ile asilimia kumi ya mapato yake ya ndani. Tunataka kufunga mashine ya kusaga. Umeme haujafika kitongojini. Akina mama wanabebesha punda mahindi alfajiri kwenda kusaga mbali, wanarudi jua limeshachoma, na siku mashine ya huko imekufa wanarudi na mahindi yao vilevile. Tumeanza kuufuatilia huu mkopo tangu 2023, sasa hela imetoka na muda unakwenda. Swali langu ni moja tu: dizeli au sola? Usingizi sina.

Mama Ngaramtoni
Hongera mwanangu. Mikopo hii wengi wanaisikia tu redioni. Mimi ningekushauri kuku wa kienyeji, hawana gharama.

Fundi Vinu
Mkuu, nimeshika mashine miaka mingi, Monduli na Mto wa Mbu. Sola ya kuendesha kinu si hii ya taa na kuchajia simu. Ni paneli nyingi, na wingu likitanda foleni ya wateja inalala hapo hapo. Dizeli inasaga muda wowote, lakini mafuta utayabeba kwa madumu juu ya bodaboda kutoka Longido mjini, na kila kilomita inakula faida. Kabla ya yote nenda TANESCO uulize kama kitongoji kimo kwenye mpango wa REA, wakala wa umeme vijijini. Nguzo zikifika, mwenye injini ya dizeli anaanza kulia.

Kiborloni Mitumba
Nipo Moshi. Sisi tulikuwa kikundi cha wanawake, tukakopa tukachukua marobota. Mwezi wa kwanza raha tupu. Wa tatu, mwekahazina akawa hapokei simu, mara mtoto anaumwa, mara yuko msibani Rombo. Mpaka leo nikikutana naye sokoni anageukia upande wa viatu. Hela ya kikundi ina wenyewe wengi na mlipaji mmoja, na huyo mlipaji nilikuwa mimi.

Mwalimu Mstaafu
Kijana, naomba nikuulize mambo mawili. Mikopo hii iko kisheria, kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura 290. Wanawake asilimia 4, vijana 4, watu wenye ulemavu 2, na haina riba. Inatolewa kwa kikundi cha wakazi wa pale, kwa mradi ulioandikwa kwenye andiko. Wewe unaishi Sakina. Je, ni mwanachama? Na andiko lenu lilisema mradi gani?

Kijana wa Sakina
Asante mwalimu. Mwanachama ni mke wangu, ndiye katibu. Wengine ni shemeji zangu wawili na majirani wawili. Mimi nasaidia mawazo na ufuatiliaji. Turudi kwenye dizeli au sola.

Mwalimu Mstaafu
Umejibu moja. Andiko?

Mama Ngaramtoni
Jibu mwanangu, usiogope.

Kijana wa Sakina
Andiko lilikuwa la kunenepesha mbuzi. Sawa, nimesema. Ila naomba mnielewe. Ukame wa 2022 mliuona, mifugo ilivyolala njiani mpaka tai wakashiba. Mama mkwe alibaki na mbuzi wa kuhesabu kwa vidole. Leo nimwambie mtu wa kule aweke hela ya mkopo kwenye mbuzi tena? Mbuzi anakufa, mashine haifi. Mashine inaingiza hela kila siku, mkopo utarudi mapema kuliko mbuzi. Na advansi nimeshalipa kwa fundi mmoja eneo la Unga Limited hapa Arusha, kwa hiyo kurudi nyuma haiwezekani.

Kiborloni Mitumba
Umelipa kwa hela ya nani?

Kijana wa Sakina
Ya kikundi. Shemeji mwekahazina anajua. Wengine watafurahi wakiiona mashine.

Dogo wa Majengo
Wakuu, hii ni chai, stori ya kutunga, na sukari imezidi. Mleta mada anasema wamefuatilia tangu 2023. Mikopo ya asilimia kumi ilisimamishwa Aprili 2023, ikarudi 2024. Alikuwa anafuatilia kwa nani? Mara kikundi chetu, mara si mwanachama, mara mbuzi, mara kinu. Subirini, kesho ataomba mchango wa dizeli.

Mama Ngaramtoni
Nami nilianza kushangaa. Mkwe gani anapewa hela ya kikundi kirahisi hivyo?

Kijana wa Sakina
Dogo, heshimu shida za watu. 2023 tuliandika katiba ya kikundi na kuanza usajili kwa afisa maendeleo wa kata, ndipo tukaambiwa tusubiri, mikopo imesimama. Maombi yenyewe yameingia baada ya kurudishwa. Risiti ya fundi hii hapa, nimeipiga picha mezani kwangu. Kama ni chai, mihuri nayo nimeichora?

Fundi Vinu
Nimeikuza hiyo picha. Chai au si chai, soma risiti yako mkuu. Imeandikwa "kinu kimoja na puli". Injini haipo. Mota haipo. Mkanda haupo. Umelipia chombo cha kusagia bila cha kukizungusha. Ulijua?

Kijana wa Sakina
Aliniambia vingine vinaandikwa kwenye risiti ya pili.

Fundi Vinu
Basi usimalizie salio. Na kwa upande mwingine hapo una nafuu: kinu hicho hicho unakivuta kwa mkanda, iwe injini ya dizeli leo au mota ya umeme kesho. Kwa hiyo anza na dizeli, umeme ukifika unabadilisha kinachovuta, kinu kinabaki. Swali lako limejibiwa.

Mwalimu Mstaafu
Lililobaki ni kubwa kuliko hilo. Halmashauri ilitoa hela ya mbuzi, na mkataba umesainiwa na watu watano. Afisa akija kukagua mbuzi akakuta kinu, anayeulizwa ni mkeo, katibu, siyo wewe wa Sakina. Kiteni kikao wote watano, andikeni muhtasari wa kuomba kubadili mradi, mpelekeeni afisa maendeleo ya jamii kabla fundi hajaweka hata bolti moja.

Kijana wa Sakina
Wakikataa?

Mwalimu Mstaafu
Mtakuwa mmejua mapema, na hela nyingi bado ipo.

Naserian wa Namanga
Naongea kama mtu wa huko. Usijidanganye kwamba mashine haiguswi na ukame. Mahindi hatulimi ya kutosha, tunanunua, na hela ya kununulia ni mbuzi. Ukame ukija mbuzi anakonda bei inashuka, mahindi yanapanda. Mama aliyekuwa anasaga debe anasaga nusu. Mwaka mzuri, mifugo inavuka kwenda Kenya kwa bei ya maana, mashine haipumziki. Weka akiba ya mwaka mbaya. Halafu mnafunga wapi?

Kijana wa Sakina
Kwenye boma la mama mkwe.

Naserian wa Namanga
Hapana shemeji. Mwanamke wa boma jingine hatakaa foleni kwenye uwanja wa mkweo kila siku. Ombeni kiwanja serikali ya kijiji, karibu na shule au lambo, ambapo punda wanapita hata bila wewe.

Kijana wa Sakina
Mrejesho wakuu. Nimeongea na shemeji mkubwa, amekasirika kuhusu advansi, ila ameitisha kikao Jumamosi, wote watano, na mimi nimeambiwa nikae pembeni nisikilize. Bado naamini kinu ni bora kuliko mbuzi, na hilo nitaomba wanisikie. Kesho naenda Unga Limited. Fundi, nikague nini?

Fundi Vinu
Zungusha puli kwa mkono, ikikwaruza beringi zimechoka. Fungua mfuniko utazame nyundo: zikiwa zimeliwa pembe, unga utatoka chenga. Inua chekeche uliangalie kwenye mwanga, tundu likipasuka linaonekana. Beba na mahindi yako, afunge injini yoyote aliyonayo pale karakana, asage mbele yako. Akikataa kusaga, omba advansi yako.

Dogo wa Majengo
Picha ya unga tafadhali.